Mkondo wa Antaktika: kitabu kinasema 134, utafiti mpya unasema 173. Hayo maji mengine yametoka wapi?

#1 MwalimuWaZamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha jiografia kidato cha tano. Jana tulikuwa kwenye mikondo ya bahari, tukafika kwenye ule mkubwa kuliko yote, unaolizunguka bara la Antaktika kutoka magharibi kwenda mashariki bila kuzuiwa na nchi kavu. Nikaandika ubaoni: mita za ujazo milioni 134 kila sekunde zinapita mlango wa Drake, kati ya ncha ya Amerika Kusini na Antaktika. Ndiyo namba niliyosomeshwa, na ndiyo iliyo kwenye kitabu changu.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nimeona 173." Nikamwambia alete ushahidi, na leo kauleta. Ni utafiti wa kweli wa mwaka 2016, si porojo za mitandaoni.

Tofauti ni milioni 39 kwa sekunde. Mito yote ya dunia, Amazon, Kongo, Nile na midogo yake, ukiijumlisha inamwaga baharini kama milioni 1.2 tu. Kwa hiyo wataalamu wamepishana kwa mito yote ya dunia mara thelathini na ushei. Nani kakosea hesabu? Au mkondo wenyewe umeongezeka? Darasa linanisubiri Alhamisi.

#2 Kipepeo_Mweusi
Mkondo umeongezeka, mkuu. Upepo wa magharibi unaozunguka kule kusini umekuwa mkali tangu miaka ya sabini, sababu ikiwa tundu la ozoni na joto la dunia. Upepo ndio unaosukuma mkondo. Namba yako ni ya zamani, ya binti ni ya juzi. Jibu jepesi.

#3 FundiGeji
Kipepeo, usikimbilie upepo. Kwanza tuulize walipimaje. Mimi nimepima mito miaka kumi na minane, nitasema ninachokijua.

Mto unaupima hivi. Unavusha waya ukingo hadi ukingo, unaugawa upana vipande, tuseme ishirini. Kila kipande unachukua kina, halafu unashusha kipima mwendo chenye panga zinazozungushwa na maji. Kina kikiwa kifupi unapima mara moja tu, kwenye sehemu ya sita kati ya kumi kutoka juu. Kikiwa kirefu unapima mara mbili, sehemu ya pili na ya nane, unachukua wastani. Upana mara kina mara mwendo, jumlisha vipande vyote, umemaliza. Saa mbili kazi imekwisha na chai umekunywa.

Inawezekana kwa sababu tabia ya mto tunaijua. Maji ya juu yana mbio, ya chini yanasuguana na mchanga, na kupungua kwa mwendo kutoka juu hadi chini kunafanana mto kwa mto. Sasa hapo Drake ni kama kilomita 800 kwa upana, na kina cha wastani kinapita mita 3,000. Waya wa kuvusha haupo. Na nani kasema maji ya mita 3,500 chini yana tabia ya mto?

#4 MshipiMrefu
Hayana. Mie mvuvi, Pemba, upande wa mkondo. Ukishusha mshipi na chubwi, juu unaona maji yanakwenda kaskazini mbio na mshipi unalala kaskazini. Ukifika pima sitini mshipi unasimama wima. Siku nyengine unakunja, unarudi kusini. Mtu akikaa chomboni akatazama povu tu, ataapa kwamba maji yote yanakwenda njia moja.

#5 JiweLaKando
Kwa hiyo hawa wa Antaktika wametazama povu? Maana mimi siamini mtu anaweza kupima kitu cha kilomita 800 chenye mawimbi ya mita kumi. Nadhani wanakadiria tu halafu wanaweka desimali ipendeze.

#6 MpishiWaKusini
Jiwe, hapo nakupinga kwa heshima. Nimepika kwenye meli ya utafiti misimu mitatu, tukiondokea Punta Arenas nchini Chile. Nimewaona kwa macho yangu.

Wanavyo vyuma wanavyoviita rozeti, duara la chupa ndefu za kijivu, katikati kifaa cha kupima joto, chumvi na kina. Meli inasimama, kinashushwa kwa waya wa winchi, mita 60 kwa dakika. Bahari ikiwa na mita 4,000, kushuka peke yake ni zaidi ya saa nzima. Kurudi wanasimama kila mahali wafunge chupa moja. Kituo kimoja kinakula saa tatu hivi, mchana na usiku, watu wanapokezana. Halafu meli inasogea, wanarudia tena. Mstari wa Waingereza kutoka fungu la Burdwood (sehemu ya kina kifupi kusini mwa visiwa vya Falkland) hadi kisiwa cha Elephant, upande wa Antaktika, una vituo kama thelathini, na wameurudia karibu kila mwaka tangu 1993.

Siku za mawimbi kila kitu jikoni kinafungwa kwa kamba. Nilikuwa napika wali kwenye sufuria niliyoijaza nusu tu, maana ukijaza zaidi unaupikia sakafu. Watu wanashika reli kwa mkono mmoja, kijiko kwa mwingine, na bado wanaandika namba zao. Hao hawakadirii.

#7 BintiWaKilindini
Mpishi, wali wa nazi au mweupe? 😄

#8 MpishiWaKusini
Mweupe, dada. Nazi za kopo zilikwisha wiki ya pili. Walizimaliza wao, si mimi.

#9 Kipepeo_Mweusi
Sawa, joto na chumvi. Ila joto na chumvi si mwendo. FundiGeji kasema upana mara kina mara mwendo. Mwendo wanautoa wapi?

#10 Bahari_Kuu
Wadau, nasomea fani hii Bergen, ngoja nijaribu.

Maji ya baridi ni mazito, ya vuguvugu yamevimba. Kaskazini mwa mkondo maji ni ya vuguvugu, kusini ni baridi kali. Kwa hiyo uso wa bahari upande wa kaskazini umenyanyuka kuliko wa kusini kwa zaidi ya mita moja. Jicho halioni mteremko huo kwa sababu umetandazwa kwenye mamia ya kilomita, lakini setilaiti zinauona tangu miaka ya tisini. Maji yanataka kuporomoka kwenda kusini. Lakini dunia inazunguka, na huku chini ya ikweta kila kinachosafiri kinasukumwa kushoto kwake. Misukumo miwili ikilingana, maji hayaporomoki kusini, yanashika njia ya mashariki.

Ukijua joto na chumvi unajua uzito wa maji katika kila kina. Uzito wa kituo hiki na kile cha pili ukiulinganisha, unapata tofauti ya mwendo kati ya tabaka na tabaka. Sikiliza vizuri, nimesema TOFAUTI. Tabaka la juu linalizidi la chini kwa sentimita kadhaa kwa sekunde, basi. Lile la chini kabisa lina mwendo gani, joto na chumvi havikwambii.

Ni kama kumpima mtoto urefu akiwa amesimama juu ya stuli. Kutoka nyayo hadi utosi umepata barabara. Stuli ina urefu gani, hujui. Watu wa zamani walisema: tuchukulie maji ya chini yametulia. Yaani stuli haipo.

#11 MshipiMrefu
Na chini hayakutulia.

#12 Bahari_Kuu
Kabisa, mzee. Ndiyo maana kabla ya nusu ya pili ya miaka ya sabini makadirio yalikuwa vurugu. Reid na Nowlin mwaka 1971 walipata milioni 237 kwenda mashariki. Foster mwaka 1972 akapata milioni 15 kwenda MAGHARIBI. Bahari ile ile, mlango ule ule. Kila mmoja alikuwa na vipimo vichache vya chini, vya siku chache, akavitumia kama urefu wa stuli kwa mlango mzima.

Tunahesabu kwa kipimo cha Sverdrup, kutokana na Harald Sverdrup wa Norway. Sv 1 ni mita za ujazo milioni moja kwa sekunde. Kwa hiyo tunabishania Sv 134 na Sv 173.

#13 DadaWaEksirei
Nimeshtuka kidogo. Huku kwetu hospitali Sv ni sivati, kipimo cha mionzi. Sv 173 hakuna atakayesalimika.

#14 Bahari_Kuu
Herufi zimegongana tu, dada. Haya ni maji ya chumvi.

#15 ZiwaKubwa
Nimepiga hesabu kidogo. Kwa Sv 173 Ziwa Victoria likiwa tupu lingejaa kwa dakika ishirini! Hebu fikirini, dakika ishirini!

#16 FundiGeji
Umeruka hatua, ndugu yangu. Ziwa Victoria lina kilomita za ujazo kama 2,750. Sv 173 ni kilomita za ujazo 0.173 kwa sekunde. Gawanya: sekunde 15,900. Hiyo ni saa nne na dakika ishirini na tano. Ukitumia 134 inakuwa saa tano na dakika arobaini na mbili. Kwa hiyo ugomvi wa mwalimu na binti yake ni saa moja na robo ya kujaza Ziwa Victoria.

#17 ZiwaKubwa
Asante kwa kunirekebisha, nilisahau sifuri. Saa nne bado ni maajabu. Nile pale Jinja inatoa kama mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, na wanaouona mto ule wanasema ni mkubwa.

#18 Kipepeo_Mweusi
Ndiyo maana nasema huu ndio mkondo wenye mbio kuliko yote duniani.

#19 MshipiMrefu
Mbio hapana. Mkondo wa Somalia wakati wa kusi unaupita mbali.

#20 Bahari_Kuu
Mzee yuko sahihi. Wa Somalia wakati wa kusi unapita mita mbili kwa sekunde juu. Huu wa Antaktika, hata kwenye michirizi yake yenye kasi, unacheza kwenye nusu mita. Ukubwa wake ni kwamba unakwenda kutoka juu mpaka sakafuni, na ni mpana. Mikondo mingi inakufa ikifika mita mia kadhaa. Huu kwenye mita 3,000 bado unatembea.

Kwa kulinganisha, mkondo wa pwani yetu, unaopita Mtwara, Mafia na Unguja kwenda kaskazini, ni kama Sv 20.

#21 FundiGeji
Basi niongeze hesabu moja, nadhani ndiyo kiini cha uzi huu.

Kilomita 800 mara kilomita 3.4 za kina ni mita za mraba bilioni 2.72. Huo ndio mlango. Sasa maji yote yaliyomo yakiongezewa mwendo wa sentimita MOJA kwa sekunde, yanazidi kwa milioni 27 za mita za ujazo. Sentimita moja tu. Ugomvi wenu wa milioni 39 ni sentimita moja na nusu kwa sekunde, tena haikufika.

Kobe akitembea anayapita maji hayo. Mimi kipima mwendo changu cha panga maji yakiwa ya taratibu hivyo hakizunguki, kinasimama kinanitazama. Kwa hiyo, mwalimu, usiwaone wataalamu ni wazembe. Wanatafuta mwendo wa kobe gizani, chini ya kilomita nne za maji, kwenye upana wa Dar hadi Tabora uipite.

#22 MwalimuWaZamu
FundiGeji, hii naipeleka darasani kama ilivyo. Nimeisoma mara tatu. Nilidhani tofauti ya milioni 39 ni aibu ya mtu, kumbe ni sentimita moja na nusu.

Ila swali langu bado lipo. Sawa, stuli haikujulikana. Lakini 134 haikupatikana kwa kudhani maji yametulia, au siyo? Nimesoma kwamba walitega vifaa chini.

#23 Bahari_Kuu
Ndiyo, walitega. Bryden na Pillsbury mwaka 1977 walitumia vipima mwendo vilivyokaa majini muda mrefu wakapata 139, lakini walikiri wanaweza kukosea kwa 36 juu au chini. Mwaka 1979 ukafuata mtego mkubwa mlango mzima, kamba zenye vipima mwendo, na vipima mgandamizo huku na huku. Whitworth na wenzake ndio waliotoa 134. Ilikuwa kazi nzuri sana kwa zama zake, ndiyo maana ikaingia vitabuni na kukaa zaidi ya miaka thelathini.

Kisha Wamarekani wakarudi mwishoni mwa 2007 wakakaa hadi mwishoni mwa 2011. Safari hii hawakutegemea kamba ndefu. Waliweka sakafuni vifaa vinavyopiga mlio kwenda juu, mlio unagonga uso wa maji unarudi, kifaa kinahesabu muda. Sauti hukimbia zaidi kwenye maji ya joto, kwa hiyo ule muda unasema joto la maji yote yaliyo juu yake. Kifaa hicho hicho kinapima mgandamizo wa sakafuni, na kina kipima mwendo mita 50 kutoka chini. Data walikuwa wanazipokea kwa sauti, meli ikipita juu, bila kukitoa kifaa.

Majibu ya Donohue na wenzake, 2016: mtoto Sv 127.7, stuli Sv 45.6, jumla 173.3, kosa linaweza kuwa 10.7 huku au huku. Waingereza kwa rozeti zao walishampima mtoto wakapata 136.7. Mnaona? Kuhusu mtoto hakuna ugomvi mkubwa. Ugomvi ni stuli.

#24 JiweLaKando
Hapo nimekuelewa, narudisha neno langu la desimali. Lakini wa 1979 nao walikuwa na vifaa chini. Walikosaje Sv 39 za stuli?

#25 FundiGeji
Nahisi nafasi kati ya kamba na kamba. Huo mkondo si blanketi, Bahari_Kuu kasema una michirizi. Kama umetega kila baada ya kilomita hamsini na mchirizi una kilomita thelathini, unaweza kuukosa wote ukadhani pale pametulia. Mtoni ukikosea kugawa vipande unakosa mkondo wa katikati, nimewaona vijana wangu wakifanya hivyo. Halafu kamba nayo mkondo ukizidi inalala, kifaa kilichotakiwa kuwa mita 500 kinashuka, kinapima maji mengine.

#26 MshipiMrefu
Kama mshipi. Ukilala hujui chubwi iko wapi.

#27 Kipepeo_Mweusi
Bado nasimama na upepo. Kati ya 1979 na 2007 ni karibu miaka thelathini na upepo umezidi, hilo limepimwa. Vifaa vyote viwili viwe sahihi, mkondo ndio umebadilika. Mbona hamtaki?

#28 Bahari_Kuu
Kipepeo, hoja yako si ya kutupa, ila ina vikwazo viwili.

Kwanza ule mstari wa Waingereza tangu 1993 hauonyeshi ongezeko la kueleweka. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba upepo ukizidi, nguvu inaingia kwenye vizunguko, yale maduara ya maji ya makumi ya kilomita yanayojinyofoa mkondoni, badala ya kuongeza maji yanayopita. Upepo unasukuma, vizunguko vinaongezeka, mkondo unabaki pale pale.

Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi: Wafaransa nao walitega kamba zao Drake tangu mapema 2006 hadi mapema 2009, wakaunganisha na setilaiti. Koenig na wenzake wakatoa 141, mwaka 2014. Miaka inaingiliana na ile ya Wamarekani, upepo ni ule ule. Mmoja 141, mwingine 173. Upepo wa miaka thelathini hauwezi kulieleza hilo.

#29 ZiwaKubwa
Basi nani kati ya hao wawili?

#30 Bahari_Kuu
Hawakutega mahali pamoja. Mistari yao imepita sehemu tofauti za mlango, na sakafu ya Drake ina milima. Maji ya chini yanagonga milima yanazunguka, mengine yanarudi nyuma. Mstari ukipita juu ya mzunguko kama huo na vifaa havikutosha kuona upande unaokwenda na upande unaorudi, stuli inarefuka au inafupika bila sababu. Maji yanayopita mlango kwa jumla ni yale yale popote ukikata, kwa hiyo mmoja kakosa kitu. Wapo wanaosema Wafaransa hawakuona chini vya kutosha. Wapo wanaosema Wamarekani waliokota mzunguko wakauhesabu kama msafiri. Na Wafaransa wengine wawili, mwaka 2016 huo huo, walitumia maboya ya Argo yanayoelea mita 1,000 chini wakapata 175. Baadaye tena hesabu za kompyuta za Xu na wenzake, 2020, zikatoa 157. Katikati kabisa.

#31 BintiWaKilindini
157 ni kama mzee wa baraza anayegawa shamba nusu kwa nusu ili watu walale.

#32 MzeeWaRamani
Nimechelewa uzi mzuri. Neno moja la jina. Mnauita Drake, lakini Francis Drake mwaka 1578 alipita mlango wa Magellan, dhoruba ndiyo iliyomtupa kusini. Kwa Kihispania wengi wanauita bahari ya Hoces, kwa nahodha Francisco de Hoces ambaye meli yake ilisukumwa huko nusu karne kabla.

Na hicho kisiwa cha Elephant alichokitaja Mpishi ndiko waliposubiri watu wa Shackleton, yule mvumbuzi wa Antaktika, mwaka 1916. Yeye na wenzake watano waliondoka na mashua ya mita saba hivi tarehe 24 Aprili, wakafika kisiwa cha South Georgia tarehe 10 Mei, zaidi ya kilomita 1,200. Hawakujaribu kwenda Cape Horn, ncha ya Amerika Kusini, ingawa ni karibu zaidi. Upepo na mkondo wote vilikuwa vinakwenda mashariki, wakavifuata. Hakuwa na Sv yoyote, lakini alijua mkondo unakwenda wapi.

#33 BahariaMstaafu_Msa
Hilo la mzee nalithibitisha. Nimezunguka Cape Horn mara mbili kwenye meli ya mizigo, zote tukitoka Atlantiki kwenda Pasifiki, yaani kinyume na maji. Injini ile ile, mzunguko ule ule, lakini tukiangalia njia tuliyokata kwa siku tunakuta tumepungukiwa maili kibao. Chifu injinia alidhani propela imeshika uchafu. Nahodha akamwambia, hapa hakuna uchafu, hapa unapanda mto.

#34 MwalimuWaZamu
"Hapa unapanda mto." Baharia, hiyo nayo naiandika.

Swali la nyongeza. Kwa nini wote wanang'ang'ania Drake? Mkondo unazunguka bara zima. Wangepima chini ya Afrika au Australia, namba si ingekuwa ile ile?

#35 Bahari_Kuu
Drake ndipo pembamba, na una ukingo pande zote mbili. Chini ya Afrika huna ukingo wa kaskazini, unachanganyikiwa na mkondo wa Agulhas, ule wa pwani ya Afrika Kusini, unaoingia na kugeuka. Chini ya Australia wamepima, Rintoul na Sokolov walipata 147 mwaka 2001, lakini nao walilazimika kuamua kuhusu maji ya chini, kwa hiyo ni stuli ile ile.

Tena namba haitakiwi kuwa sawa. Kuna maji yanayotoka Pasifiki kuingia Bahari ya Hindi kupitia visiwa vya Indonesia, kama Sv 15. Lazima yarudi Pasifiki, na njia ya kurudi ni kusini mwa Australia. Kwa hiyo pale panapita zaidi ya Drake kwa kama hizo 15. Na sisi tumo: sehemu ya maji hayo ya Indonesia inavuka Bahari ya Hindi na mkondo wa ikweta, inapita ncha ya Madagaska, inagonga pwani karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, inagawanyika, nusu inapanda kwetu.

#36 MshipiMrefu
Basi mshipi wangu umelazwa na maji ya Indonesia.

#37 Kipepeo_Mweusi
Upepo nauweka pembeni kwa sasa, lakini sijaushusha. Kuna utafiti wa 2021 uliotumia setilaiti na maboya, ukasema upande wa kaskazini wa mkondo unaongeza kasi. Huo mnausemaje?

#38 Bahari_Kuu
Upo, ni wa kweli. Ila sababu waliyoitoa ni joto la maji zaidi ya upepo. Upande wa kaskazini unapata joto haraka kuliko kusini, mteremko unaongezeka, mkondo wa juu unakaza. Halafu 2025 wengine, kwa hesabu za kompyuta, wakasema barafu ikiyeyuka kwa wingi, maji baridi yasiyo na chumvi yatamwagika na mkondo utapungua kama asilimia 20 ifikapo 2050 ikiwa hewa chafu haitapunguzwa. Mmoja anaona unakaza leo, mwingine unalegea kesho. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Lakini asilimia 20 ya 173 ni Sv 35. Tofauti ya vipimo vyetu vya leo ni 39. Fikiria ugumu wa kugundua kwamba kitu kimepungua 35 wakati hamjakubaliana 39 ya mwanzo.

#39 FundiGeji
Hapo sikubali sana. Mtoni geji yangu inaweza kuwa imekosewa sentimita kumi tangu ilipowekwa, lakini maji yakipungua sentimita tano nitaona, kwa sababu kosa ni lile lile kila siku. Wakiacha vifaa pale pale, mabadiliko wataona hata kama jumla hawaijui. Muhimu kifaa kisihamishwe.

#40 Bahari_Kuu
Kweli kwa mtoto. Kwa stuli sina uhakika, kwa sababu vizunguko vinavyotokana na milima ya chini vinaweza kuhama mahali, kifaa kisisogee lakini maji yakasogea. Tutabishana mpaka alfajiri.

#41 MwalimuWaZamu
Wakuu, nimetoka darasani. Asanteni nyote. Niliandika ubaoni 134, 141, 157, 173, nikawapa hesabu ya FundiGeji ya sentimita moja na nusu, wakaifanya wenyewe. Yule binti alimaliza wa kwanza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: maji yakizunguka bara, ni yale yale yanarudi? Ukitia rangi tone moja leo pale Drake, utaliona tena linapita?

#42 Bahari_Kuu
Si yale yale. Mengi yanatoka njiani. Ya chini kabisa, mazito yanayozaliwa kando ya barafu, yanajipenyeza kaskazini kwenye kila bonde la bahari. Yapo yanayopita mwanya wa Amirante, karibu na Shelisheli, kuingia bonde la Somalia. Na mengine yanaibuka juu hukohuko kusini na kuanza upya. Tone lake lingegawanyika kabla halijafika Australia.

#43 MzeeWaRamani
Mimi ningesema lingeonekana. Maboya yaliyoachwa mkondoni yapo yaliyozunguka.

#44 FundiGeji
Boya ni boya, mzee. Kaulizia tone.

#45 MshipiMrefu
Mwambieni binti huko Shelisheli nimevua. Chini kule chubwi ikirudi mkononi ni baridi kama imetoka friji. Nilikuwa sijui imetoka kwa nani.